Dakika Tatu na Nusu

Nyumba yetu ya Kadutu imeegemea mteremko, na mvua za Septemba zikianza Bukavu, mashariki mwa Kongo, maji huzijua njia zake kuliko mwenye nyumba. Mwaka 2023 yaliingia chumba cha nyuma, usiku. Nikaamka kuokoa vitu: gunia la makaa, madaftari ya watoto, na katoni ya maziwa ya unga ambayo mke wangu alikuwa ameniomba mara kadhaa niitupe. Nikaifungua kwa mwanga wa simu, nione kama inastahili kuokolewa. Mlikuwa na nyaya, chaja za simu zisizotumika tena, flashi ya MB 256, hadi disk niliyoichomoa kwenye kompyuta yangu ya kwanza ilipokufa mwaka 2011, na bahasha ya kaki yenye sidii ndani. Juu ya sidii, kwa wino wa buluu: "Warusi. Sikiliza polepole."

Ulikuwa mwandiko wa Mwalimu.

Nitamwita hivyo tu, kwa sababu ndivyo tulivyomwita sote, hata wale waliomzidi umri. Mchana alifundisha hesabu katika shule ya sekondari, jioni aliongoza kwaya ya parokia yetu, nami nilikuwa upande wa besi. Ujanani alisoma Lubumbashi, na huko padri mmoja aliyekuwa akirudi kwao Ulaya alimwachia santuri sita za muziki wa Kirusi. Vita vya 1996 vilizichukua santuri pamoja na mashine ya kuzipigia, muziki ukabaki kichwani mwake. Miaka kumi baadaye mtu akamletea zile kazi katika mafaili ya MP3, na kuanzia hapo akawa anafika mazoezini huku anaimba kwa mdomo sehemu ya klarineti, kabla hata hajatusalimu.

Mwanzoni mwa 2008 alinipa sidii ile, yenye konserto, yaani kazi ambazo chombo kimoja hupiga pamoja na orkestra nzima. "Mwanangu," akaniambia, "konserto ni kwaya. Kuna kiongozi, kuna waitikiaji. Wewe sikiliza nani anamwitikia nani, hutahitaji kujua Kirusi." Alifariki mwaka 2014. Nilikuwa miongoni mwa walioimba kwenye mazishi yake.

Sasa nilikuwa nimeshika mwandiko wake, maji yakinifika kwenye vifundo vya miguu.

Hadi disk ilikuwa ya zamani, ya GB 40, yenye ule mdomo mpana wa pini nyingi ambao kompyuta za leo haziutambui. Nilizunguka kwa mafundi siku mbili. Kijana mmoja mwenye kibanda kando ya Avenue Lumumba alikuwa na kiunganishi kinachogeuza pini hizo kuwa USB. Akaniambia nilipe dola tano ikiwaka, nisilipe kitu ikikataa. Mara ya kwanza haikusikika. Mara ya pili ilikoroma, ikanyamaza. Mara ya tatu ikazunguka vizuri, na kwenye kioo cha mashini yake yakajipanga majina ya mafaili ambayo sikuwa nimeyaona kwa miaka kumi na miwili. Sikutegemea kuguswa vile. Barua ya kuomba kazi. Picha za harusi ya dada yangu, ndogo ndogo, zilizopigwa kwa simu. Na folda iitwayo WARUSI.

Ndani ya folda hiyo hapakuwa na jina hata moja la kueleweka. Piste 01, Piste 02, Piste 03, mpaka Piste 17. Yeyote anayehifadhi muziki na asiandike ni kazi ya nani, anamwachia aliye nyuma yake kitendawili bila jibu, na naomba wanaonisoma wasifanye hivyo. Hata hivyo masikio yangu yaliyajua. Nilibofya Piste 04 palepale kibandani, na kwenye spika mbaya za yule kijana zikaja zile sauti nane za piano, nzito, zikipanda polepole kama kengele inayosogea karibu. Rachmaninoff, konserto ya pili ya piano, katika do minori, do ya huzuni. Kijana akaniuliza, "Yaya," yaani kaka, "ni muziki ya kanisa?" Nikamwambia inakaribia.

Niseme kidogo kuhusu mwanzo huo, maana ndio ulionifanya niupende muziki huu. Mtu asiyejua hutazamia kwamba katika konserto ya piano, piano itaimba na wengine watafuata. Hapa, zile kengele nane zikishalia, wanaoshika wimbo ni violini, viola na klarineti, wote kwa pamoja kama sauti za chini za kwaya, na piano inakimbia chini yao kwa noti nyingi nyingi ikiwabeba. Kiongozi anawasindikiza waitikiaji. Mimi niliyekuwa besi, niliyezoea kuwa chini ya sauti za wengine, nilisikia kwamba mtu huyu anatujua.

Mwalimu alinisimulia kisa cha mtunzi huyo tukipanda mlima baada ya mazoezi, naye akisimama kila mara kupumua. Mwaka 1897 simfonia ya kwanza ya Rachmaninoff ilipigwa Saint Petersburg ikaanguka vibaya. Wachambuzi waliitukana, na kijana yule wa miaka 23 karibu aache kutunga kabisa. Kwa takriban miaka mitatu hakutoa kazi yoyote kubwa. Mwanzoni mwa 1900 ndugu zake walimpeleka kwa daktari mmoja wa Moscow, Nikolai Dahl, aliyetibu kwa maneno na usingizi wa kuongozwa. Akawa anakwenda karibu kila siku. Konserto ya pili ndiyo iliyotoka baada ya matibabu hayo. Ilipigwa nzima kwa mara ya kwanza Moscow, Novemba 1901, mtunzi mwenyewe akiwa kwenye piano na binamu yake Alexander Siloti akiongoza. Na aliiandika kwa heshima ya daktari Dahl. Mwalimu alilipenda sana jambo hilo la mwisho. Mtu aliponywa, akalipa kwa muziki.

Nyumbani niliyanakili yote kwenye simu na kwenye flashi mbili mpya, kisha nikaanza kusikiliza, faili moja kila jioni kama ilivyoandikwa kwenye sidii, polepole.

Piste 01 hadi 03 ni Tchaikovsky, konserto ya kwanza ya piano. Inaanza na zile pembe, kisha piano inapiga sauti kubwa kubwa zinazojaza nyumba nzima, na juu yake vyombo vya nyuzi vinaimba wimbo mpana ambao hata asiyejua chochote ameshausikia mahali fulani. Baada ya dakika tatu au nne wimbo huo unaondoka. Niliusubiri urudi. Sehemu ya kwanza ina takriban dakika ishirini, nikasubiri yote, haukurudi, wala katika sehemu ya pili, wala ya tatu. Nikadhani faili limekatwa katikati. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba ndivyo alivyoandika: anakupa wimbo mzuri kuliko yote mlangoni, halafu hakupi tena. Rafiki yake Nikolai Rubinstein, alipopigiwa kazi hiyo mara ya kwanza mwishoni mwa 1874, aliishambulia vikali na kutaka ibadilishwe. Tchaikovsky alikataa. Ikaenda kupigwa kwanza Boston, Marekani, Oktoba 1875, na Hans von Bülow. Wimbo unaofuata baada ya utangulizi, ule wa kurukaruka, aliutoa kwa vipofu waliokuwa wakiimba kwenye soko la Kamenka, nchini Ukraine. Tangu nijue hivyo, kila nikiufikia huwakumbuka vipofu waliokuwa wakiimba karibu na soko la Kadutu nilipokuwa mtoto, mmoja akiongoza na mwenzake akiitikia huku kopo likilia kwa sarafu.

Piste 07 hadi 10 zilinichanganya zaidi, kwa sababu zilirudiwa katika 11 hadi 14. Ilikuwa konserto ya violini, ya giza, ndefu. Ndani ya taarifa za mafaili, pale ambapo mtu huandika jina la kazi, seti moja iliandikwa Shostakovich opus 77, yaani kazi namba 77, nyingine Shostakovich opus 99. Nikazisikiliza zote mbili kwa makini nikitafuta tofauti, nisiione. Ni kazi ileile. Shostakovich aliimaliza mwaka 1948, wakati ule ule serikali ya Stalin ilipokuwa ikiwashutumu yeye na watunzi wenzake hadharani, basi akaiweka kabatini. Ilitoka mwaka 1955, Stalin akiwa ameshakufa, violini ikipigwa na David Oistrakh mjini Leningrad. Ilipotoka ikapewa namba ya wakati huo, 99, ingawa namba ya kuzaliwa kwake ni 77. Miaka saba kabatini. Katoni yangu ilikaa kumi na miwili, lakini mimi sikuwa na Stalin, nilikuwa na uvivu tu.

Sasa nirudi kwa Piste 06.

Hii ni sehemu ya tatu ya Rachmaninoff. Baada ya mwanzo wa haraka, oboe na viola zinaleta wimbo, katika funguo iitwayo si bemoli majori, wimbo wa kutamani ambao piano inaupokea na kuurudia kana kwamba inauliza ulikotoka. Vurugu inarudi, kisha wimbo unakuja tena, safari hii katika re bemoli majori. Halafu, dakika ya nane ilipopita kidogo, faili langu linakatika. Halififii. Linakatika kama umeme.

Nililijua hilo tangu 2008. Kwa miaka mitatu yote niliyosikiliza konserto hiyo kwenye kompyuta ya kwanza niliisikiliza hivyo, imekatika. Na niliamini kwamba sidii ya Mwalimu ndiyo yenye kasoro.

Wiki chache baada ya kunipa, tulikuwa tumejikinga mvua chini ya paa la kanisa, akaniuliza, "Umeshafika kwenye ule mwisho wa Rachmaninoff?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Unauona aje?"

"Mzuri sana, Mwalimu."

Alinitazama kidogo. Akasema, "Bon." Hakuniuliza tena, siku hiyo wala nyingine.

Ningewezaje kumwambia kwamba zawadi yake ina tundu? Hatukulelewa hivyo. Mkubwa akikupa kitu unakipokea kwa mikono miwili, na ukikiona kimepasuka unakaa kimya. Niliona ninamstahi. Ndivyo nilivyojieleza miaka yote hiyo, mpaka jioni ile ya 2023 nilipofungua taarifa za faili la Piste 06 kutafuta kitu kingine kabisa.

Mafaili mengine kumi na sita yote yalionyesha kwamba yalibadilishwa mara ya mwisho mwaka 2006, yaani siku yalipotengenezwa, kabla hayajanifikia. Piste 06 peke yake ilionyesha tarehe 2 Februari 2008, saa 16:47. Ukubwa wake MB 7.7. Nilikaa kwa muda nikiitazama tarehe hiyo, nikijua kwamba ninaijua bila kujua kwa nini. Kisha nikakumbuka: siku iliyofuata ilikuwa Jumapili ya tetemeko.

Wana Bukavu hawajaisahau Jumapili hiyo, 3 Februari 2008. Ilikuwa saa tatu na nusu hivi asubuhi, watu wengi wakiwa kanisani. Ardhi ilitikisika kwa ukubwa wa 5.9, hapa na ng'ambo ya mto Ruzizi, na huko Rwanda ndiko walikokufa wengi zaidi. Sisi tulikuwa katikati ya wimbo. Nakumbuka vumbi likishuka juu ya vitabu vya nyimbo, na Mwalimu akiwa ameinua mikono yote miwili kama bado anatuongoza, akituambia tutoke polepole, watoto kwanza. Ukuta wa chumba nilichopanga ulipasuka kutoka juu hadi chini. Tulilala nje siku kadhaa.

Na Jumamosi yake? Ikarudi vipande vipande. Nilikuwa ninanakili sidii kwenye kompyuta yangu jioni. Umeme ulikatika, kama unavyokatika kwetu, na kompyuta ikazimika katikati ya kazi. Uliporudi, nilinakili yaliyobaki, nikatazama haraka haraka, nikaona mafaili kumi na saba yote yamo, lakini la sita nina mashaka nalo. Nikajiambia nitalinakili tena kesho. Kesho ikawa tetemeko. Sidii ikaingia kwenye bahasha.

Niliitoa sasa kwenye bahasha hiyohiyo. Ilikuwa na ukungu pembeni, na utando wake umeanza kubanduka ukingoni. Sidii husomwa kutoka katikati kwenda nje, na orodha ya mafaili huandikwa mwanzoni, karibu na tundu la kati, ndiyo maana sidii iliyoharibika ukingoni bado inaweza kukuonyesha majina ya vitu ambavyo haiwezi tena kukupa. Niliazima kompyuta yenye kisoma sidii ofisini kwa jirani. Iliunguruma kwa muda mrefu. Orodha ikatokea. Piste 06: MB 11.0.

Katika MP3 za kawaida za wakati ule, zile za kilobiti 128 kwa sekunde, dakika moja ya muziki huchukua karibu MB moja. Kwa hiyo hesabu ni nyepesi. Mwalimu alinipa dakika kumi na moja na nusu. Mimi nilibaki na nane. Zawadi yake ilikuwa nzima. Tundu lilikuwa langu, na nilimtwika yeye kimoyomoyo kwa miaka kumi na mitano, huku nikijiona mwenye adabu. Laiti ningemwambia, "Mwalimu, kwangu inakatika," angecheka, angesema leta hiyo sidii tuone, na tungesikiliza ule mwisho pamoja kwenye kompyuta ya shule.

Nilijaribu kulinakili. Ikakataa, kila mara ikisimama.

Mpwa wangu aliye Lubumbashi ndiye aliyenitumia konserto nzima kwa WhatsApp, usiku wakati mega za intaneti ni nafuu. Alinichagulia rekodi ya Rachmaninoff mwenyewe akipiga piano, ya mwaka 1929, pamoja na orkestra ya Philadelphia ikiongozwa na Leopold Stokowski. Ina mikwaruzo, na nimeizoea. Nilisubiri watoto walale. Umeme haukuwepo, simu ilikuwa na asilimia thelathini. Niliweka hedifoni, nikaanza tangu zile kengele nane, sikutaka kuruka.

Sehemu ya tatu. Wimbo mara ya kwanza. Wimbo mara ya pili. Nikafika mahali pangu pa kukatikia, mwili wangu wote ukajikaza kungoja kimya. Muziki ukapita. Ukazidi kwenda mbio, ukapanda, piano ikabaki peke yake ikimwaga noti kutoka juu hadi chini, kisha orkestra nzima ikaingia na wimbo ule mara ya tatu, mpana, taratibu, sasa katika do majori. Konserto iliyoanza katika do ya huzuni inafika katika do ya mwanga, wakati ambapo mara mbili za kwanza wimbo ule ulikuwa ugenini, katika funguo nyingine. Mimi nilikuwa nimejua zile mbili tu. Nilikuwa nimeijua kazi ya mtu aliyepona, bila kupona kwake.

Wapo wanaoniuliza muziki huu wa Wazungu unanihusu nini. Kinshasa kuna orkestra ya simfonia ya Wakimbangu, waumini wa kanisa la Simon Kimbangu, tangu 1994, Wakongo watupu, na hakuna aliyewapa ruhusa. Mwalimu naye hakuomba. Aliusikia, akaujua, akatupa.

Mwezi wa kumi na mbili nilimtembelea mjane wa Mwalimu, huko mtaa wa Bagira. Tunamwita Mama Mwalimu mpaka leo. Nilikuwa na spika ndogo na ile flashi, nikamweleza yote, la Jumamosi, la "mzuri sana, Mwalimu," la MB 7.7. Alinisikiliza huku anachambua mchicha. Nilipomaliza akasema, "Alijua. Alirudi nyumbani akasema, yule mtoto hajafika mwisho, nitamngoja." Kisha akajipangusa mikono kwenye kitenge, akaniambia nipige.

Nilipiga sehemu ya tatu tu. Hakusema neno. Aliendelea na mchicha wake wimbo ulipokuja mara ya kwanza, na wa pili. Orkestra ilipoingia na ule wa tatu, mikono yake ilisimama.

"Ni hapa," akasema. "Kila mara hapa alikuwa anasimamaka."

Zilikuwa zimebaki kama dakika mbili. Nikaongeza sauti.